Kwa nini kitaa cha pasi huzima chenyewe? Uchambuzi wa kisa cha vipindi vitatu na watoto wa Ujiji

Usuli

Kisa hiki kinahusu kikundi cha watoto 14 wa darasa la nne hadi la sita waliokuwa wakikutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha kuazima huko Ujiji, Kigoma. Waliowaongoza walikuwa wawili: mwalimu wa Sayansi na Teknolojia, na fundi wa vifaa vya umeme wa mtaani. Majina, mtaa na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa.

Lengo lao lilikuwa dogo. Kila mtoto aweze kueleza, kwa maneno yake, kwa nini kitaa cha pasi kavu ya umeme huwaka na kuzima bila mtu kukigusa. Pasi ilichaguliwa kwa kuwa ipo katika nyumba nyingi zenye umeme, na ndani yake mna vitu vichache tu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuifungua: pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta mkondo wa ampea 4.3 hivi. Mkondo huo hupita kwenye hita, yaani waya wa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu. Katika pasi za zamani waya huo ulizungushwa kwenye vipande vya ulanga. Katika nyingi za sasa umefichwa ndani ya bomba jembamba lililozamishwa kwenye sahani ya aluminiamu. Kabla mkondo haujafika kwenye hita hupitia temostati. Hiyo ni swichi yenye ukanda wa metali mbili zilizoshikamanishwa mgongo kwa mgongo, moja ikitanuka sana kwa joto na nyingine kidogo. Zikipashwa pamoja, ukanda hauna njia ila kujipinda, na ukijipinda vya kutosha ncha mbili za swichi huachana. Hita hukosa umeme, na kitaa pia. Sahani ikipoa ukanda hurudi, ncha hugusana, kitaa huwaka. Kirungu cha kuzungusha huamua tu ukanda ujipinde kiasi gani kabla ncha hazijaachana: nukta moja ni karibu nyuzi 110 za Selsiasi, mbili karibu 150, tatu karibu 200.

Kipindi cha kwanza: pasi ilifunguliwa mapema mno

Fundi alileta pasi mbovu. Plagi ilikuwa imekatwa na kebo kufupishwa hadi kubaki kipande kisichofika popote, tahadhari iliyodumishwa hadi mwisho. Alifungua skrubu ya nyuma mbele ya watoto, akavua mpini na kifuniko, akaonyesha sehemu moja baada ya nyingine: hita, temostati, kitaa, waya wa ethi wenye ganda la kijani na njano. Watoto walichora na kuandika majina. Mwalimu akahitimisha kwa mfano, kwamba temostati ni kama askari anayekagua joto na kufunga geti likizidi.

Kisha yakaulizwa maswali mawili. La kwanza, la kutaja sehemu za pasi, karibu wote walilipata. La pili lilikuwa kwa nini kitaa huzima. Hapo wengi wao walijibu "umeme umekatika". Wengine walisema pasi "imeshiba moto", na mmoja akasema imejizima ili isiunguze nguo, jibu linalotaja faida bila kugusa namna. Hakuna aliyeitaja temostati kama kitu kinachofanya kazi fulani. Ilikuwa jina kwenye mchoro.

Binti mmoja wa darasa la tano aliuliza swali ambalo halikujibiwa siku hiyo: "Mwalimu, huyo askari anajuaje kwamba pasi imepata moto?"

Siku chache baadaye mama mmoja alimfuata mwalimu: "Mwalimu, nimemkuta mwanangu na kisu, anatafuta skrubu ya pasi yangu. Ananiambia ndivyo mlivyomfundisha." Pasi haikuwa kwenye soketi na hakuna aliyeumia. Hata hivyo mama alikuwa sahihi. Somo lililoanza kwa bisibisi liliwafundisha watoto kwamba kujua kifaa ni kukifungua.

Maamuzi baada ya hapo, na sababu zake

Waliamua pasi isifunguliwe tena hadi watoto wawe na swali ambalo lazima litafutwe ndani. Mfano wa askari ukaachwa. Kosa lake ni kwamba unahamisha fumbo tu: mtoto alikuwa hajui chuma kinatambuaje joto, sasa hajui askari anatambuaje. Akiridhika na askari, ameacha kuuliza.

Jibu la "umeme umekatika" halikuchukuliwa kama ujinga. Kigoma mjini kuliendeshwa kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na mtoto wa huko ameona taa nyingi zikizima kwa sababu hiyo hiyo. Kwa alichokiona maishani mwake, ndilo jibu la busara kuliko yote. Kwa hiyo lilihitaji kujaribiwa kwanza. Kumwambia tu kwamba si kweli kusingemsaidia.

Uamuzi mkubwa zaidi ulitoka kwa fundi: waanze na pasi ya mkaa. Hoja yake ilikuwa kwamba pasi ya mkaa haina temostati, lakini kazi ya temostati inafanyika vilevile, na anayeifanya anaonekana kwa macho.

Kipindi cha pili: dobi, taa ya chumba na ukanda wa karatasi

Dobi wa jirani, ambaye hurudi kwenye mkaa kila umeme ukisumbua, aliombwa apige pasi mashati mawili ya shule. Watoto waliambiwa wasiangalie shati, waangalie mikono yake, na waandike kila anachofanya kisichohusu kunyoosha nguo. Orodha yao ilikuwa nzuri kuliko ilivyotarajiwa. Alidondosha tone la maji kwenye kitako cha pasi akasikiliza linavyochemka. Aliipunga hewani ili mkaa upate upepo. Aliziba matundu ilipokolea, akaisugua kwenye jani la mgomba kabla ya kuirudisha kwenye kola. Mwalimu akauliza: "Kati ya hayo, ni lipi la kupima joto na ni lipi la kuliongeza au kulipunguza?" Wakayagawa wenyewe kwa chaki sakafuni.

Baada ya hapo ikaja pasi ya umeme iliyo nzima. Mwalimu ndiye aliyeishika, watoto wakiwa nyuma ya mstari uliochorwa mita moja na nusu kutoka mezani. Swali likawa: huyu hadondoshi maji wala hapungi, je, ni nani anayempimia? Mtoto wa kwanza kurudia "umeme umekatika" aliambiwa aiangalie balbu ya dari kila kitaa cha pasi kinapozima. Kitaa kilizima, balbu ikabaki. Ilipotokea mara tatu mfululizo jibu lile likafa lenyewe, na aliyelizika ni yule yule aliyelitoa. Wakati huo huo walisikia mlio mdogo, "tik", kila kitaa kilipobadilika. Wakakubaliana kuna kitu kinachosogea ndani.

Jambo jingine walilolibaini: mara ya kwanza kitaa kiliwaka muda mrefu, zilizofuata kiliwaka kidogo na kuzima kwa muda mrefu zaidi. Mara ya kwanza sahani ilianza ikiwa baridi kabisa. Baadaye hita ilikuwa ikifidia tu joto linalopotea.

Sasa likaja jaribio la ukanda. Vipimo vyake ni hivi. Gundisha foili ya jikoni kwenye karatasi ya daftari kwa gundi nyepesi ya unga, gandamiza chini ya kitabu usiku mzima ikauke, kisha kata vipande vya sentimita 1 kwa 12. Karatasi za bigijii zenye upande wa fedha hufaa pia, ila nyingi za siku hizi zina plastiki, na plastiki hujikunja na kuyeyuka, jambo linalompotosha mtoto. Shika ncha moja kwa kibanio cha nguo, ukanda ulale, foili ikiangalia chini, sentimita 5 hadi 6 juu ya mwali wa mshumaa. Ncha iliyo huru huinuka kuelekea upande wa karatasi, kwa kuwa aluminiamu hutanuka na karatasi haiwezi kuifuata.

Kwa nusu ya watoto jaribio lilikwenda sawa. Kwa waliobaki upepo wa ziwani uliingia mlangoni na kulaza mwali, na vipande viwili vikaungua. Kopo kubwa lililokatwa pande mbili, likawekwa kama kizingiti cha upepo, lilitatua hilo.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi. Mshumaa ulipoondolewa, ukanda ulirudi nusu ya njia ukakwama. Yule binti wa swali la askari aliuliza kama basi pasi nayo ikizima haiwaki tena. Wakati huo viongozi hawakuwa na jibu zaidi ya "hebu tusubiri". Sababu ni kwamba karatasi ina unyevu. Joto huutoa unyevu huo na karatasi husinyaa, kwa hiyo ukanda hupindwa na mambo mawili kwa mpigo, foili inayotanuka na karatasi inayosinyaa. Foili hupoa mara moja, ila karatasi huhitaji muda kunyonya unyevu wa hewani tena. Vipande vilivyoachwa mezani vilikutwa baadaye vimenyooka karibu kabisa.

Kipindi cha tatu: mtoto kuwa hita

Fundi aling'oa ukanda wa metali mbili kutoka kwenye temostati ya pasi mbovu. Ni mfupi, haufiki urefu wa kidole, na ncha yake husogea milimita chache tu, kwa hiyo haufai kutazamwa kwa mbali. Hata hivyo hurudi pale pale ulipoanzia kila ukipoa. Ulifungwa kwa skrubu kwenye kipande cha ubao, ncha yake ikigusa kichwa cha msumari. Betri kubwa mbili za volti 1.5 ziliunganishwa mfululizo, waya mmoja ukaenda kwenye ukanda, mwingine kutoka kwenye msumari hadi glopu ya LED nyeupe iliyotolewa kwenye tochi, kisha kurudi kwenye betri. Mguu mrefu wa LED uelekee upande wa chanya, la sivyo haiwaki, na watoto watadhani ukanda ndio mbovu.

Mpangilio wa ukanda una mtego. Metali inayotanuka zaidi ndiyo ielekee msumari, ili ukipata joto ujipinde kuuacha. Ukigeuzwa, joto litaukandamiza kwenye msumari na taa haitazima kamwe. Fundi aliupima kwanza kwa mshumaa kabla ya kuufunga. (Ule wa kinyume nao una kazi yake, maana ukiachiwa nafasi kidogo kabla ya msumari unakuwa king'ora cha moto. Watoto wawili walilikamata hilo wenyewe.) Msumari na ukanda vilisuguliwa kwa msasa, kwani masizi ya mshumaa hukata mgusano baada ya mizunguko michache na huleta matokeo ya ajabu.

Kifaa hiki kilifanya kazi, lakini kilikuwa na pengo ambalo mwalimu aliliona kabla watoto hawajaanza. Joto lilitoka kwenye mshumaa, si kwenye umeme. Taa ikizima, mshumaa unaendelea kuwaka. Katika pasi halisi mkondo unaokatwa ndio huo huo unaoleta joto, na bila kuliona hilo mtoto hataelewa kwa nini mzunguko unajirudia.

Wakalitatua kwa kanuni moja. Mtoto mmoja alipewa mshumaa, akaambiwa yeye ni hita na hita haina akili: glopu ikiwaka, sogeza mshumaa chini ya ukanda, ikizima, uondoe. Marufuku kuangalia ukanda, angalia glopu peke yake. Mara ya kwanza ikazima, akaondoa. Baada ya kitambo ikawaka, akarudisha. Wengine walihesabu kwa makofi muda wa kuwaka na wa kuzima. Aliyeshika mshumaa alilalamika kuwa hapewi nafasi ya kupumzika, na darasa zima likataka zamu.

Ndipo pasi mbovu ikafunguliwa. Safari hii hawakuhitaji kutajiwa. Waliutafuta ukanda wakaukuta, wakauliza kile cha juu yake ni nini, na fundi akazungusha kirungu ili waone skrubu ikishuka na kuusukuma.

Kabla ya kufunga kipindi walitakiwa kutabiri: shati likiwa bichi, kitaa kitawaka zaidi au kidogo? Walitofautiana. Mwalimu alipiga pasi nguo kavu, kisha mbichi. Kwenye mbichi kitaa kiliwaka mara nyingi zaidi, kwa sababu kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula kilojuli 2,260 hivi, na joto hilo linaporwa kutoka kwenye sahani.

Mmoja aliuliza pasi ya umeme ilianza na nani. Hati ya uvumbuzi ilipewa Henry Seeley wa New York mwaka 1882, na pasi yake haikuwa na temostati. Mtoto mwingine akadakia: "Kwa hiyo alikuwa dobi tu wa umeme!"

Matokeo

Wiki mbili baadaye kila mtoto aliulizwa peke yake, akiwa na karatasi na penseli: pasi iko kwenye nukta tatu, umeme upo, kitaa kimezima; ndani kumetokea nini? Wengi walichora ukanda uliojipinda na mwanya kati ya ncha mbili, na wakaeleza kwamba utanyooka ukipoa. Watatu walisema inajizima ikipata moto bila kusema vipi. Hakuna aliyerudia kukatika kwa umeme. Wazazi hawakuleta tena habari ya visu, ingawa kipindi kilichotangulia ufunguzi huo kilikuwa na kanuni iliyorudiwa kila mara: kinachofunguliwa ni kile kilichokufa na kukatwa plagi, tena fundi akiwepo.

Uchambuzi: kilichosaidia na kilichoshindikana

Kilichobeba kazi kubwa ni dobi. Kabla yake temostati ilikuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Alipoondoka, watoto walikuwa wakitafuta mahali pa kuweka kazi mbili walizoziona mikononi mwake, kupima na kurekebisha, na ukanda ukaja ukizifanya zote mbili kwa mwendo mmoja. Anayefundisha friji au birika la umeme atafute mtu anayefanya kazi hiyo kwa mkono kabla ya kugusa bisibisi.

Kuangalia balbu ya dari kulichukua chini ya dakika tano na kukaondoa dhana iliyokuwa imeshika watoto wengi zaidi. Hakugharimu chochote. Kulifaa kufanywa katika kipindi cha kwanza.

Ukanda wa karatasi na foili ni mzuri kwa kuonyesha kujipinda, na mbaya kwa kuonyesha kurudi. Tunashauri utumike kwa nusu hiyo tu, na watoto waambiwe mapema habari ya unyevu, hasa msimu wa mvua ambapo karatasi huanza jaribio ikiwa imelowa zaidi na hujikunja zaidi ya ilivyotarajiwa. Ukiwa na ukanda wa metali, anza nao.

Kanuni ya mtoto-hita ilifanya kazi kwa sababu ilimnyima mtoto uamuzi. Wawili walioruhusiwa kuuangalia ukanda walianza kuuondoa mshumaa mapema, "usiungue", na mzunguko ukavurugika.

Dhana moja haikuguswa kabisa, na ilijitokeza kwenye mahojiano ya mwisho hata kwa waliochora vizuri: kwamba kuweka kirungu kwenye nukta moja kunapunguza umeme unaoingia, mithili ya kupunguza sauti ya redio. Si hivyo. Pasi ya wati 1,000 ama huvuta zote ama haivuti kitu, na nukta hubadilisha muda tu. Kipimo chake kipo ukutani. Mita ya LUKU ina kitaa kinachomweka, na kwenye uso wake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Ikiwa ni 1,000, pasi ya wati 1,000 peke yake itafanya kitaa kimweke kila baada ya sekunde 3.6, ikiwa ni 1,600, kila baada ya sekunde 2.25. Zima friji, televisheni na taa zote. Mtu mzima aweke pasi kwenye nukta moja, na watoto wahesabu mimweko kumi wakati kitaa cha pasi kinawaka. Kwa nukta moja kitaa huzima haraka, kwa hiyo anza kuhesabu mara tu pasi baridi inapochomekwa. Iache ipoe, weka nukta tatu, rudia. Muda utakuwa ule ule. Kisha wahesabu wakati kitaa cha pasi kimezima: mita itatulia, isipokuwa kuna chaja iliyosahaulika kwenye soketi, na kuitafuta hiyo chaja huwa kazi wanayoipenda.